Koyasan mpaka Hongu kwa miguu, siku 4 milimani Japani: jinsi ya kujipanga

Tangu nirudi swali ni lile lile, hivi ile njia ya milimani Japani mtu anaanzia wapi, na mimi ambaye zoezi langu ni kupanda ngazi za ofisini ntaiweza kweli? Ngoja niandike yote hapa mara moja, afu kila atakayeuliza namtumia hii.

Njia inaitwa Kohechi. Iko kwenye rasi ya Kii, kusini mwa Osaka, ni moja ya zile njia za zamani za Kumano Kodo ambazo watu wamezipita kwa zaidi ya miaka 1,000 kwenda kuhiji kwenye mahekalu matatu makubwa ya Kumano. Ukisikia mtu anasema ametembea Kumano Kodo mara nyingi anamaanisha Nakahechi, ile yenye vibao kila mita 500, barabara ya basi haiko mbali, na watu wa kukupelekea begi mpaka gesti inayofuata. Kohechi sio hiyo. Kohechi ni kama kilomita 70 kutoka Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibuddha juu mlimani, mpaka Hongu, hekalu kubwa la Kishinto kule bondeni, na katikati unavuka migongo mitatu ya milima, yote zaidi ya mita 1,000, na unaweza kutembea nusu siku hujaona mtu. Mi siku ya pili nilikutana na mzee mmoja tu, kengele inalia kwenye begi lake, tukasalimiana, akapita, basi, mpaka jioni.

Neno hija nalitumia kwa maana pana, wasije wakanirukia ndugu zangu. Huhitaji kuwa Mbuddha wala Mshinto kuipita, hakuna anayekuuliza dini, na pale hekaluni kama hutaki kuinama husimamiwi. Tembea kwa heshima tu kama unavyopita kwenye makaburi ya watu.

Kabla ya yote: usidharau

Mi nimekulia Moshi, mlima nauona nikifungua dirisha, kwa hiyo nilipoangalia ramani nikaona mahali pa juu kabisa ni mita 1,200 na kitu nilicheka kwa sauti. Geti la Marangu lenyewe liko juu zaidi ya hapo! Nikamwambia rafiki yangu hii ni matembezi ya Jumapili. Aisee.

Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki. Kilimanjaro unapanda pole pole siku kadhaa, afu unashuka mara moja, na begi lako kubwa kalibeba mgumu, yule mbeba mizigo, ambaye kakupita asubuhi anaimba, ukifika kambini hema limesimama na chai ipo. Kohechi unapanda mpaka mgongoni, unashuka mpaka bondeni kabisa kwenye mto, unalala, kesho unaanza tena kutoka chini. Mara tatu. Na mgumu ni wewe. Kule kwenye Kohechi barabara za magari zinazunguka mbali sana kutoka bonde moja hadi lingine, kwa hiyo kusafirishiwa mzigo ni shida na ni ghali, wengi wanabeba wenyewe. Hewa ipo ya kutosha, hakuna kichwa kuuma, kinachokufa ni magoti.

Kwa hiyo maandalizi: miezi miwili kabla tafuta kilima au ghorofa, weka kilo 7 mgongoni, na zoezi lako kubwa liwe kushuka, sio kupanda. Kupanda mtu yeyote anapanda akipumzika pumzika.

Visa na msimu

Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote tunahitaji visa ya Japani kabla ya kusafiri, ianze mapema, na wanataka kuona ratiba ya siku kwa siku, kwa hiyo hata hapo utajikuta unahitaji bukingi zako ziwe zimekaa vizuri.

Msimu mzuri ni mwezi wa 4 na wa 5, halafu wa 10 na wa 11. Ila epuka mwisho wa mwezi wa 4 na siku za mwanzo za mwezi wa 5, Wajapani wana sikukuu zinafuatana na nchi nzima iko safarini. Mwezi wa 6 mpaka katikati ya wa 7 ni masika yao, na rasi ya Kii ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana Japani, sio manyunyu. Mwezi wa 8 na wa 9 ni joto lenye unyevu kama la Tanga halafu juu yake kuna vimbunga, na vimbunga vya kule vinabomoa milima kweli, kile cha Septemba 2011 kilileta maporomoko na kuua watu wengi kwenye rasi hiyo. Majira ya baridi, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3, kule juu kunaweza kuwa na theluji na barafu, kama hujazoea achana nayo.

Mi nilienda Novemba, majani ya miti yamegeuka mekundu, baridi ya asubuhi ya kutosha. Tatizo la Novemba ni giza: saa kumi na moja jioni kwisha habari, na msituni chini ya ile mierezi mirefu giza linaanza hata kabla.

Vitanda kwanza, tiketi ya ndege baadaye

Hapa ndipo watu wanakosea, na ndipo safari nzima inaposimamia. Njia ina vituo vitatu vya kulala katikati: Omata, Miuraguchi na Totsukawa Onsen. Totsukawa Onsen kuna hoteli na gesti kadhaa, hapo hutakosa. Lakini Omata na Miuraguchi ni vijiji vya nyumba chache, wenye kupokea wageni wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wengine ni wazee ambao wakiwa na shughuli ya familia wanafunga tu. Hakuna cha "ntafika ntatafuta". Ukifika haipo, haipo, na nyuma yako kuna mlima na mbele yako kuna mlima.

Basi utaratibu ni huu. Anza kutafuta Omata na Miuraguchi kwa siku mbili zinazofuatana. Zikipatikana hizo ndo unazungushia Koyasan kabla na Totsukawa baada. Zisipopatikana badilisha tarehe, usibadilishe njia. Idara ya utalii ya mji wa Tanabe ina mfumo wa bukingi mtandaoni unaitwa Kumano Travel, una Kiingereza, na unashika sehemu nyingi za njia hizi, uanze miezi kadhaa kabla. Kuna wenyeji wengine wanakuja kukuchukua na gari pale njia inapokutana na barabara, wanakulaza kwao mbali kidogo, asubuhi wanakurudisha pale pale, kwa hiyo usishangae nyumba ikiwa haiko kwenye njia yenyewe. Ulizia hilo wakati wa bukingi na mkubaliane saa.

Nyumba za aina hii zinaitwa minshuku, ni nyumba ya mtu kabisa, wewe unapewa chumba chenye mikeka, godoro la kutandika chini, chakula cha jioni, cha asubuhi, na ukiagiza wanakufungia cha mchana. Bei ni kama yeni 10,000 kwenda juu kwa kichwa na milo miwili. Koyasan ni zaidi ya hapo. Lipa keshi! Hizi nyumba nyingi hazina mashine ya kadi, na ATM njiani usitegemee, toa hela zote Osaka ikiwezekana, na uwe na sarafu za yeni 100 za kutosha.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, na wakisema saa kumi na mbili wanamaanisha saa kumi na mbili. Mi siku ya pili nilifika saa kumi na mbili na dakika 40, natambaa, tochi kichwani, nikamkuta mama mwenye nyumba kasimama barabarani na taa na mume wake yuko tayari ndani ya gari wanataka kunitafuta. Hakunifokea. Bora angenifokea. Na ukighairi ghairi mapema, wanapika kwa kuhesabu vichwa na duka liko mbali.

Kwa Waislamu na wasiokula vitu fulani: sema wakati wa bukingi, sio mezani. Koyasan watawa wanapika shojin ryori, chakula kisicho na nyama wala samaki wala kitunguu, tofu ya ufuta, tofu ya kukaushwa, mboga za milimani, hapo ni raha ila ulizia kama kuna pombe ya mchele kwenye mchuzi, wanaitumia sana kupikia. Vijijini ni samaki wa mtoni wa kuchoma, wali, mboga za kachumbari yao, supu. Wali upo mwingi, hilo halikusumbui, mi nilikuwa naongezewa mpaka mama anacheka.

Begi

Begi langu lilikuwa kilo 13. Usifanye hivyo. Kwa kuwa unalala ndani na unakula kwao huhitaji hema, jiko wala begi la kulalia, kilo 6 mpaka 8 pamoja na maji inatosha. Nguo za kulala na taulo mara nyingi unapewa, ulizia. Nguo za kutembea jozi mbili, moja inavaliwa nyingine inakauka, koti la mvua la kweli na suruali yake, sweta moja.

Viatu ndo uwekezaji. Njia ina vipande vya mawe yaliyopangwa zamani na yameota kuvu kijani, yakilowa ni sabuni. Raba za kukimbia zenye soli iliyokwisha ziache. Fimbo mbili za kutembelea, uzivishe vifuniko vya mpira chini kwa sababu ncha za chuma zinachimbua njia, na bila fimbo magoti yangu yangebaki Miuraguchi.

Kengele. Duka lolote la vifaa vya milimani watakuuzia, funga kwenye begi. Dubu wapo kwenye rasi ile, wachache, na hawataki kukuona kama wewe usivyotaka kuwaona, kengele inawapa nafasi ya kuondoka. Mimi wasiwasi wangu zaidi ulikuwa nyigu wakubwa, wale wa Kijapani ni kama kidole gumba, na wanavamia vitu vyeusi, sasa sisi nywele zetu unazijua, vaa kofia ya rangi nyepesi hasa mwezi wa 9 na wa 10. Ukiwasikia wanazunguka usipige mikono, rudi nyuma taratibu. Nyoka mwenye sumu anaitwa mamushi, anapenda majani na mawe yenye unyevu, usiweke mkono pasipoonekana.

Mengine: tochi ya kichwani, pawabanki, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kwa sababu mtandao unapotea masaa mengi, na ramani ya karatasi ambayo ofisi za utalii za kule wanazo. Vibao vipo njiani, sio vingi kama Nakahechi, jifunze sura ya herufi 小辺路, hiyo ndo Kohechi, piga picha uifanye hata skrini ya simu. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi 110. Na kila asubuhi mwambie mwenyeji unaelekea wapi, unalala kwa nani. Mfuko wa takataka pia, hakuna pipa popote, kila ganda la pipi unashuka nalo.

Lugha usiogope. Kiingereza ni kidogo sana vijijini, weka apu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao. Ila sisi Waswahili tuna bahati moja ambayo wazungu hawana, irabu za Kijapani ni a e i o u zile zile zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo soma neno kama lilivyoandikwa na unaeleweka. Sumimasen ni samahani, arigato gozaimasu ni asante sana, mizu ni maji. Mzee mmoja aliniuliza nimejifunza wapi kutamka, nikamwambia kwetu Moshi, akatikisa kichwa kama nimemtania.

Usiku wa Koyasan

Kutoka stesheni inayoitwa Namba pale Osaka panda treni ya Nankai mpaka Gokurakubashi, kama saa moja na nusu hivi, kisha kile kitreni cha kamba kinachopanda mlima dakika 5, kisha basi mpaka mjini. Basi ni lazima, ile barabara ya kutoka stesheni hairuhusiwi kutembea kwa miguu.

Koyasan ilianzishwa na mtawa Kukai mwaka 816, na mji una mahekalu zaidi ya 50 yanayolaza wageni. Lala kwenye mojawapo, asubuhi na mapema utaalikwa kwenye sala, kaa nyuma, sikiliza. Jioni nenda Okunoin, makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi minene, taa za mawe zinawaka, mwishoni kuna kaburi la Kukai ambaye waumini wanasema hajafa, yuko kwenye tafakuri, na mpaka leo watawa wanampelekea chakula mara 2 kwa siku. Baada ya daraja la mwisho hakuna picha, vua kofia.

Halafu kitu ambacho dada zangu watapenda kujua: wanawake hawakuruhusiwa kuingia Koyasan mpaka serikali ilipofuta marufuku mwaka 1872, walikuwa wanaishia kwenye vibanda vya sala pembeni na kuuzunguka mji kwa njia ya juu mgongoni. Kibanda kimoja bado kipo, kinaitwa Nyonindo. Kumano kwa upande wao walipokea wanawake tangu zamani, maskini, wagonjwa, kila mtu. Yaani unatembea kutoka mlima uliokuwa umefungwa kwenda bonde lililokuwa wazi, mi hilo nililifikiria sana siku ya kwanza.

Siku ya 1: Koyasan – Omata, kama km 17

Ondoka saa moja na nusu asubuhi baada ya chai. Nunua cha kula mchana hapo hapo mjini na vitu vya akiba vya siku mbili, karanga, mikate, maana mbele duka la maana utaliona Totsukawa. Siku hii ni nyepesi kuliko zote, tayari uko juu, njia inapanda kidogo inashuka, inapita kitongoji kinaitwa Otaki, halafu kuna kipande unatembea pembeni ya barabara ya lami ya Koya-Ryujin, pikipiki za wikiendi zinapita kwa kasi kwa hiyo kaa pembeni kabisa. Baada ya hapo msitu tena, na mahali panaitwa Mizugamine ambapo zamani palikuwa na nyumba za kulaza mahujaji, sasa ni miti tu. Mwisho unashuka kwa kasi mpaka Omata mtoni. Ukifika mapema ni sawa, pumzika, lala mapema.

Siku ya 2: Omata – Miuraguchi, kama km 16

Hii ndo siku yenyewe. Unaanza kupanda kabla chai haijashuka tumboni, zigizaga ndani ya msitu wa kupandwa, giza, miti iliyonyooka kama penseli, hakuna hata ndege. Beba maji lita 2, usipunguze. Baada ya masaa matatu hivi msitu unabadilika, miti ya asili, mwanga unaingia, na unafika kwenye mgongo wa Obako. Kuna choo na kibanda cha kujikinga. Kama hali ya hewa ni nzuri na una muda, njia ya pembeni inakupeleka kileleni kwa Obako, mita 1,344, milima inafuatana kama mawimbi mpaka jicho linachoka. Mi nilienda, na hapo ndo nilipopoteza saa nzima nikaja kumtesa yule mama, kwa hiyo weka sheria: kama saa sita mchana imepita hujafika mgongoni, kilele achana nacho.

Kushuka sasa. Ni kurefu, kunazunguka, kuna sehemu njia ni nyembamba na upande mmoja ni korongo, unapita msingi wa mawe wa nyumba ya wageni ya zamani iliyobaki peke yake msituni, kisha mawe yale yenye kuvu. Hatua fupi fupi. Fimbo mbele. Ukianza kuhisi magoti yanatetemeka kaa chini dakika 10, kula kitu, watu wengi wanaanguka hapo kwa sababu wameshaona paa za kijiji chini wanadhani wamefika. Bado saa nzima.

Siku ya 3: Miuraguchi – Totsukawa Onsen, kama km 19

Unavuka daraja la kuning'inia, linayumba, unaanza kupanda tena. Mapema kwenye mpando kuna mierezi mikubwa ajabu, minene kuliko mikono ya watu kadhaa, ilipandwa kukinga upepo kwenye nyumba iliyokuwa ikilaza wasafiri, nyumba haipo, miti ipo na inasemekana ina kama miaka 500. Kaa hapo. Mimi nilikaa mpaka jasho likakauka nikaanza kusikia baridi.

Mgongo wa Miura uko kama mita 1,080. Kushuka ni kuzuri kuliko jana. Halafu unatokea kijijini na kuanzia hapo ni lami, kama kilomita 8 kandokando ya mto mpaka Totsukawa Onsen, na lami baada ya siku tatu za milima inaumiza nyayo kuliko mawe. Kuna basi la kijiji, machache kwa siku, angalia ratiba usiku uliotangulia. Wapo watakaokwambia kupanda basi ni kudanganya. Mi nilipanda.

Totsukawa ni kijiji kwa jina tu, kwa eneo ndo kijiji kikubwa kuliko vyote Japani, milima mitupu. Agosti 1889 mvua kubwa iliporomosha milima hapo, na zaidi ya watu 2,400 waliokosa makazi wakahamia Hokkaido, kaskazini kabisa kwenye theluji, wakaanzisha kijiji kipya wakakiita Shin-Totsukawa, Totsukawa Mpya. Ukishawaona waliobaki jinsi wanavyolima vipande vya ardhi vilivyoning'inia utaelewa ni watu wa namna gani.

Na onsen, maji ya moto ya asili. Sasa hapa tuongee ukweli. Unaingia uchi. Uchi kabisa, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, na chupi hairuhusiwi. Mara ya kwanza nilizunguka pale chumba cha kubadilishia nguo kama mwizi. Utaratibu: vua vyote weka kwenye kikapu, ingia na kitaulo kidogo, kaa kwenye kistuli uoge kwa sabuni mpaka utakate, suuza, ndo uingie kwenye bwawa, taulo lisiguse maji, weka kichwani. Hakuna anayekuangalia, na kama anakuangalia ni dakika moja tu kisha anakuuliza unatoka nchi gani. Kama huwezi kabisa, ulizia chumba cha kuoga peke yako wakati wa bukingi, baadhi ya nyumba wanacho. Wenye tatuu ulizeni pia. Lakini miguu baada ya km 50, wallahi yale maji ni dawa.

Siku ya 4: Totsukawa Onsen – Hongu, kama km 15

Mgongo wa mwisho unaitwa Hatenashi, maana yake isiyo na mwisho, ahsante sana kwa kutupa moyo. Ngazi za mawe zinaanza mara moja, kali, na baada ya kama saa moja zinakupitisha katikati ya kitongoji cha Hatenashi, yaani njia inapita kwenye ua wa watu, mashamba madogo, maua, maji yanatiririka kwenye gogo lililochongwa, na milima yote iko chini yako. Salimia, usichungulie madirishani, usichume kitu.

Kuanzia maeneo hayo kuna sanamu 33 za mawe za Kannon, mwenye huruma wa Wabuddha, zimetawanyika pembeni ya njia mpaka upande wa pili wa mlima na zina namba, kwa hiyo unajua uko wapi kwa kuhesabu. Mi nilizisubiri moja moja kama vituo vya daladala. Mgongoni ni mita 1,114, kisha mshuko mrefu wenye mawe mpaka Yakio barabarani, hapo choo, soda, duka la barabarani lipo mbele kidogo. Halafu unafika Sangenjaya ambapo Kohechi inaungana na Nakahechi, na ghafla kuna watu! Wana sauti, wana manukato, wanapiga selfi. Baada ya siku nne za kusikia kengele yako tu, mi nilitaka kurudi msituni.

Hongu

Pale mlangoni nawa mikono na suuza kinywa kwenye birika la mawe. Hekalu la Kishinto unainama mara 2, unapiga makofi mara 2, unainama mara 1. Makofi usiyapige kwenye hekalu la Kibuddha, watakuangalia. Utaona kila mahali picha ya kunguru mwenye miguu mitatu, Yatagarasu, ndo alama ya Kumano, na kama unaangalia mpira umeshamwona kabla, yuko kwenye nembo ya timu ya taifa ya Japani.

Usiishie hapo, shuka mpaka Oyunohara pembeni ya mto, hekalu lilikuwa hapo mpaka mafuriko yale yale ya 1889 yalipolibomoa, majengo yaliyonusurika ndo yakahamishiwa juu. Sasa ni uwanja wa nyasi na torii, lango la chuma la karibu mita 34. Ukishatembea pia njia ya hija ya Santiago kule Hispania, au ukipanga kwenda, kusanya mihuri kwenye kitabu chako toka Koyasan, Kohechi nzima inahesabika, na kituo cha urithi kilicho mbele ya hekalu ndo wanaandikisha mahujaji wa njia zote mbili.

Kurudi: basi mpaka Tanabe kama saa 2, au mpaka Shingu upande wa bahari, kote kuna treni ya kurudi Osaka. Kuna pia basi la kutoka Shingu mpaka Yagi kule Nara, linapita Hongu na Totsukawa, zaidi ya masaa 6, utaona kwa dirishani mabonde uliyoyatembelea, kama tumbo lako linaweza kona.

Ila usiondoke siku hiyo hiyo. Lala Yunomine, kijiji kidogo cha maji ya moto karibu na Hongu, unaweza kwenda na basi au kwa njia ya mlimani ya km 3 hivi kama bado una magoti. Kuna kibanda cha mbao juu ya kijito kinaitwa Tsuboyu, bafu la watu wawili watatu, kimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na njia zenyewe tangu 2004, unakata tiketi unasubiri zamu, dakika 30 zako peke yako, na hapo hata mwenye aibu anaoga kwa amani. Pembeni yake kuna kisima cha maji ya nyuzi 90, nunua mayai dukani yakiwa kwenye kimfuko cha wavu, yazamishe, funga kamba pembeni, subiri dakika kumi na kitu. Mi nilikula manne nimesimama, viatu nimeshavua, basi la Tanabe likaja namenya la tano.